Mama Daftari

Mama alikuwa fundi cherehani. Nikimkumbuka, kabla hata ya uso wake hunijia ile futi ya kupimia aliyoivaa shingoni kutwa nzima, mpaka akitoka kwenda kumtazama mgonjwa. Alikuwa akiisahau. Akifika huko mtu humwambia, "Mama, leo umekuja kutupima?" naye hucheka, huikunja, huitia mfukoni, na kesho yake huisahau tena.

Baada ya futi hunijia daftari. Lilikuwa la mistari, jalada gumu, limefungwa kwa utepe aliokata kwenye mabaki ya kitambaa. Ndilo lililompa jina. Sisi tulimwita Mama, mtaa mzima ukimwita Mama Daftari, na sidhani kama wengine waliwahi kujua jina alilopewa na wazazi wake.

Nataka kuandika juu ya daftari hilo kwa sababu tangu afariki nimesikia watu wakimsifu kwa kitu ambacho, kwa haki, hakikuwa chake hasa. Wanasema alikuwa na moyo. Wanasema huruma yake haikuwa na mpaka. Msibani niliyasikia hayo mpaka nikachoka. Huruma alikuwa nayo, lakini hata mimi ninayo, na yangu peke yake haijawahi kumfaa mtu. Tena ya Mama ilikuwa na mipaka, iliyochorwa kwa rula. Alichotuzidi wengine ni hesabu.

Ilianza na deni. Alipojifungua mdogo wetu wa mwisho alitokwa na damu nyingi, akaongezewa chupa tatu. Hakulifanya jambo hilo siri wala hadithi ya machozi. Alilitaja kama mtu anavyotaja hela aliyoazima kwa jirani. "Nilikopa tatu." Waliomkopesha hakuwajua, maana mfuko wa damu haumfikii mgonjwa na jina la mwenyewe, una namba tu. Mtoto alipoacha kunyonya na yeye akapata nguvu, akaenda kulipa. Mwanamke hutakiwa kupumzika wiki 16 kabla ya kuchangia tena, mwanamume 12, kwa hiyo deni la chupa tatu lilimchukua karibu miezi minane. Alipokwenda mara ya nne nikamwuliza, nikiwa na miaka kama tisa, "Mama, deni si limeisha?"

Akajibu bila kuinua macho kwenye sindano ya cherehani. "Hii ni riba."

Riba aliilipa kwa miaka mingi, mpaka siku walipompima wingi wa damu wakakuta haufiki kiwango, wakamrudisha. Alirudi nyumbani kimya akashona hadi usiku. Wiki iliyofuata alikwenda tena kulekule, safari hii kuomba kazi ya kukaa. Ndiyo, ya kukaa. Mtu akishachangia damu huambiwa asinyanyuke haraka, apumzike dakika kumi au kumi na tano, kwa kuwa hapo ndipo wengine hushikwa na kizunguzungu wakaanguka. Mama akawa ndiye anayekaa nao. Aliwaambia wabane pamba kwa kidole mkono ukiwa umenyooka, wasikunje kiwiko. Maneno aliyasema huku akiwatazama midomo. Ikianza kupauka, alimlaza mtu na kumwinua miguu kabla mwenyewe hajatambua kwamba ana tatizo. Na mtu akishalala pale, miguu juu, hana pa kukimbilia, Mama alifungua utepe wa daftari. "Lini tena, mwanangu?"

Kila ukurasa ulikuwa na safu tano: jina, simu, kundi la damu, tarehe ya mwisho, tarehe ya kurudi. Pembeni, tiki kwa aliyekuja. Kwa aliyeombwa na hakusema ndiyo, alama ya kuuliza. Alama ya kukataa haikuwepo kabisa. Mtu angeweza kumwambia "hapana" usoni, kwa sauti, na Mama akirudi nyumbani akaandika alama ya kuuliza. Kaka yangu alimwambia huko ni kudanganya daftari. Mama akasema daftari ni lake.

Kitu ambacho kilinichukua muda mrefu kukielewa ni kwa nini aliiogopa tarehe 14 Juni. Hiyo ni Siku ya Wachangia Damu Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2004. Tarehe ilichaguliwa kwa kuwa ndiyo aliyozaliwa Karl Landsteiner, mwaka 1868, mtaalamu aliyegundua makundi ya damu. Watu hujaa. Hupangwa viti, huletwa vipaza sauti, wakubwa hupigwa picha wamekunja mikono ya shati. Ungedhani mtu kama Mama angeifurahia kuliko wote, lakini yeye alikunja uso, na wapo waliosema ana wivu.

Jioni moja, nikiwa tayari sekondari, alinikalisha mezani akaniwekea hesabu. Chembe nyekundu za damu zikitunzwa vizuri kwenye baridi hudumu siku 35 mpaka 42, kutegemea dawa iliyomo kwenye mfuko. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, kwa kawaida ni siku 5 tu. "Haya, hesabu sasa." Nikahesabu kwa vidole. Chembe nyekundu za tarehe 14 Juni zote zinakuwa zimepita muda wake kabla Julai haijaisha. Waliozitoa hawaruhusiwi kurudi mpaka Septemba kwa wanaume, Oktoba kwa wanawake. "Mtu akitokwa na damu mwezi wa nane, ataongezewa nini? Picha?"

Kwa hiyo wakati wenzake wakihimiza watu wajitokeze Juni, yeye alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwaomba baadhi wasijitokeze. "Wewe ngoja. Wewe nimekuweka mwezi wa nane." Wengine waliudhika sana. Umejipa moyo, umeshinda woga wa sindano, unataka kutenda wema leo, halafu mwanamke mwenye futi shingoni anakwambia upange foleni! Kijana mmoja alimjibu kwa ukali kwamba yeye si shati la kuwekewa oda. Mama akaandika alama ya kuuliza.

Mpaka hapa inaonekana kama hadithi ya mtu wa kupendeza. Kuwa mtoto wake lilikuwa jambo jingine.

Sehemu ya nyuma ya daftari ilikuwa ya wagonjwa wa majumbani: wazee wasioweza kuamka, watu waliotoka hospitali na hawana wa kuwafulia. Kina mama kadhaa walipeana zamu, na Mama ndiye aliyepanga. Matokeo yake mlango wetu haukuwahi kukaa robo saa bila hodi. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa ya zamu na usingizi wake ulikuwa wa kuibia, alisema siku moja, "Nyumba hii imekuwa ofisi, na mimi peke yangu ndiye sina miadi." Alisema kwa kutania. Nusu ya utani.

Mimi sikutania. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimechaguliwa kughani shairi mbele ya wazazi shuleni. Shati alinishonea mwenyewe, kola ameirudia mara mbili kwa sababu upande mmoja ulikuwa umeinuka kidogo kuliko mwingine, kasoro ambayo hakuna jicho jingine duniani lingeiona. Aliahidi kuja. Nilighani lile shairi nikiutazama mlango wa ukumbi, beti zote sita, na futi haikuingia.

Alikuja nyumbani magharibi. Aliyekuwa na zamu kwa mzee mmoja hakutokea, mzee alikuwa amelowa, na hakukuwa na mwingine. Sikutaka kusikia. Nikamwambia, "Kwa hiyo na mimi mpaka niugue ndiyo nipate zamu?"

Hakunipiga wala hakunikemea, na hakujitetea. Aliketi kwenye kiti cha cherehani akaweka mguu kwenye kanyagio bila kukanyaga. Siku mbili hakusema kitu. Siku ya tatu alinifuata nyuma ya nyumba, akasimama, hakuinama kunibembeleza kama mtoto. "Nimefikiri. Kwenda kwa yule mzee sikukosea. Nilikosea kupanga mambo mpaka nikabaki mimi tu wa kwenda."

Watu wazima wengi niliowajua huomba radhi kwa jumla jumla. Mama alilipasua kosa lake kama nguo iliyoharibika, akanionyesha mshono uliokosewa.

Tangu wiki hiyo kila zamu ikawa na majina mawili, wa kwanza na wa akiba. Na kwenye safu ya Jumatano, kwa mwandiko wake ulionyooka, akaandika: *Watoto*.

Nilipoliona neno hilo nilikasirika upya. Tumeandikwa! Kati ya Jumanne ya bibi mwenye kidonda na Alhamisi ya yule mzee, sisi, damu yake, tumewekwa kama kesi mojawapo. Kwa watoto wenzangu mama alikuwa mama tu, bila ratiba. Nilimlalamikia Baba. Baba alichukua daftari akalitazama kwa muda, akakuta jina lake limeandikwa Jumapili jioni na pembeni pana alama ya kuuliza. Akatafuta kalamu, akaigeuza ile alama kuwa tiki.

Jumatano zenyewe hazikuwa na jambo kubwa. Daftari lilifungwa utepe likawekwa juu ya kabati. Mama alikaa sakafuni na kikopo cha vifungo, anashona vilivyokatika huku tukimsimulia mambo yetu, na alikuwa na maswali ya ajabu, ya mtu aliyesikiliza wiki iliyopita. "Yule aliyekunyang'anya kiti, bado anakaa hapo?" Jumatano moja hodi ikagongwa kwa nguvu. Mama akafungua mlango nusu. "Leo zamu ni ya mama wa nyumba ya kona. Akikosekana yupo fundi viatu. Nendeni kwa hao, wanajua cha kufanya."

"Lakini Mama Daftari, tumezoea wewe."

"Leo mimi sipo," akasema, amesimama pale pale mlangoni, mzima mzima. Tulicheka chini ya meza mpaka mdogo wetu akapaliwa.

Nimekutana na watu wengi wanaojitolea tangu wakati huo, na ninaamini sentensi hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Wengi hawawezi kuisema. Hupenda kuitwa wao, wao tu, na wakianguka kila kitu huanguka nao. Fundi viatu hakujua hata kumwosha mtu alipoanza. Alijifunza kwa sababu kuna siku Mama hakuwepo.

Mara moja tu walimpa cheti. Ilikuwa tarehe 5 Desemba, ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliifanya, mwaka 1985, kuwa siku ya kuwakumbuka wanaojitolea duniani kote. Alivaa vizuri, akaenda, akapiga picha, akafurahi kweli. Hakuwa mtu wa unyenyekevu wa kujifanya. Ila karatasi ya cheti ilikuwa nzito na nyeupe upande wa nyuma, na Januari ilikuwa inakaribia. Akaichorea ratiba. Tunayo mpaka leo: mbele imeandikwa shukrani kwa herufi za dhahabu, nyuma imeandikwa nani anamwogesha nani Jumanne. Kaka ameitia kwenye fremu, na tumebishana upande gani utazame ukutani. Kwa sasa shukrani ndizo zinazotazama ukuta.

Kiharusi kilimpata akiwa anakata kitambaa. Mkono wa kulia, ule wa mkasi na kalamu, ukalala, na maneno yakabaki machache. Aliishi miezi mitano.

Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo uzito wake mwenyewe humtoboa ngozi: mgongoni chini, nyongani, visiginoni. Hilo Mama alitufundisha tukiwa vijana, juu ya miili ya watu wengine. Usimvute, mvuto huchubua. Tandika shuka iliyokunjwa chini yake, wawili mshike pande mbili, mwinue kidogo ndipo mmsogeze. Mto nyuma ya mgongo aegemee tu, asilale ubavu mzima. Mwingine katikati ya magoti. Mwingine chini ya mashavu ya miguu, visigino vining'inie visiguse kitu. Na kwenye ngozi nyeusi usisubiri kuona wekundu, hutauona mapema. Pitisha mgongo wa kidole. Pakiwa na joto kuliko pembeni, au pamekuwa pagumu, umeshachelewa.

Mara 12 kwa siku. Kwa wiki ni 84. Tulikuwa wanne, na kwa kiburi cha watoto tulisema tunatosha. Siku ya tisa dada alisinzia amekaa, zamu mbili zikapita, na nilipopitisha kidole kwenye kisigino cha kushoto pakawa na joto. Nikapanda kwenye kiti nikalishusha daftari juu ya kabati.

Kichwani nilikuwa na orodha yangu ya watu wanaodaiwa. Nilianza na mtu ambaye mama yake mzazi Mama alimwosha kwa miaka miwili. Hakupokea simu, siku hiyo wala baadaye. Wa pili alikuwa safarini. Wa tatu alilia sana kwenye simu, akaniambia yeye hawezi kumwona Mama katika hali hiyo, na hakuja. Waliokuja ni wengine kabisa. Mwanamke waliyekosana naye kwa sababu ya gauni akaja Jumatatu usiku, akaendelea kuja, na sidhani kama walipatana hata siku ile ya mwisho. Fundi viatu, bila shaka. Na yule kijana wa shati la oda, sasa mtu mzima mwenye kitambi, ambaye nilipofungua ukurasa wake nilikuta, chini ya ile alama ya kuuliza, tiki kumi na nne, zote za mwezi wa nane.

Usiku mmoja nilimwambia Mama jinsi nilivyoudhika, nikawataja kwa majina wale waliokimbia. Alinisikiliza. Kisha akainua mkono wa kushoto, ule uliobaki, akaupeleka hewani polepole kutoka kulia kwenda kushoto, mara mbili. Nilidhani anataka maji. Alikuwa anafunua ukurasa.

Jumatano hatukumpa mtu wa nje. Zilikuwa zetu. Alifariki alfajiri ya siku nyingine, baada ya zamu ya saa kumi usiku, akiwa ameegemezwa ubavu wa kushoto, visigino vikiwa vizima.

Mwaka wa kwanza baada yake nilijaribu kushika nafasi yake, nikaharibu. Nilikwenda kila nilikoitwa. Sikuandika popote, sikumwomba mtu, na nilipoulizwa nilisema napenda kufanya mwenyewe. Mume wangu alivumilia. Binti yangu hakuvumilia, na maneno aliyoniambia siyaandiki hapa, ila yalikuwa nduguye yale niliyomwambia Mama nikiwa na miaka kumi na moja. Nikanunua daftari.

La Mama ninalo pia, na bado nalimalizia. Majina yenye alama ya kuuliza yalibaki kumi na moja, tisa nimeshawafikia. Wa kumi ni kinyozi, mwanamume mkubwa wa mwili, ambaye pembeni ya jina lake pana alama saba zilizopangwa kama vifungo. Nilimkuta ananoa wembe.

"Mama yako nilishamwambia, dada yangu. Naogopa sindano."

"Akasemaje?"

"Akasema yeye anaogopa wembe wangu, lakini mume wake anakuja kila mwezi."

Nikamwuliza kama mwezi wa nane utamfaa. Akapangusa wembe, akautazama kwenye mwanga, akasema atafikiri. Nilipofika nyumbani nikaongeza ya nane.